Ampulu Tatu katika Kisanduku cha Maji

Mwanangu, kwanza nitenganishe mambo mawili. Kwamba dereva aliyeniletea dawa alinidanganya kwa makusudi, hilo nilisimuliwa. Yaliyotokea asubuhi ile katika hospitali yetu ndogo ya Katuba niliyaona mwenyewe, na ni hayo tu nitakayokueleza.

Nakumbuka ilikuwa miaka ya migodi kufungwa na maduka ya mjini kuporwa, nasi wauguzi tulikuwa hatujaona mshahara kwa miezi. Nilikuwa kijana mwenye diploma mpya na majivuno ya kutosha, nikitunza kabati la dawa. Bohari ilikuwa tupu. Dawa zilipitia mpakani, Mokambo, bila visanduku vyake, zimeviringishwa katika magazeti. Dereva wa lori alinikabidhi kifurushi cha ampulu, zile chupa ndogo za kioo za dawa ya sindano.

“Yote ni mayi ya kuchanganyia dawa, infirmier,” alisema, akiniita muuguzi kwa Kifaransa. “Usiogope.”

Kimiminika kilikuwa cheupe kama maji, maandishi yalikuwa madogo, tena ya Kiingereza. Sikuyasoma. Niliziweka ampulu hizo pamoja na zile za maji yetu katika kisanduku kimoja.

Kesho yake alifika Papa Donatien, mfamasia mzee aliyetoka mjini kila mwezi kukagua kabati letu, kwa kuwa hospitali haikuweza kuajiri mfamasia wake. Wauguzi walimtania: “Papa Contrôle amefika, mufiche hata chumvi!” Yeye alicheka, akavaa miwani, akaanza kuinua ampulu dirishani, moja baada ya nyingine. Ghafla akashusha moja, akanigeukia.

“Nani alikuambia hii ni mayi?”

“Dereva, Papa.”

“Dereva iko pharmacien, mfamasia kama miye?”

Ilikuwa potasiamu kali, ambayo ikisukumwa moja kwa moja mshipani husimamisha moyo. Akauliza ni nani aliyechukua humo asubuhi hiyo. Nikakumbuka: Véronique, muuguzi mwenzangu, kwa ajili ya kuchanganya penisilini ya mtoto wa kitanda cha nne.

Nilikimbia. Nilimkuta ameinama, sindano mkononi, akitafuta mshipa, na mama wa mtoto akimtuliza mwanawe. “Véro, acha!” Papa Donatien alifika nyuma yangu akihema, akaipokea sindano, akaimwaga.

Nilingoja anifedheheshe mbele ya watu. Badala yake alinirudisha kwenye chumba cha dawa, akafunga mlango.

“Njaa yako miye naielewa, mutoto yangu. Ampulu yenyewe haielewe.”

Tukasoma ampulu zote zilizobaki pamoja, kwa sauti. Tatu zilikuwa potasiamu. Akanifanya nizifungie mbali na wodi, niandike jina la dawa hiyo juu yake kwa wino mwekundu, na tangu siku hiyo nisipokee dawa yoyote kabla ya mimi na mtu wa pili kuisoma. Hakuondoka mpaka penisilini nyingine ilipochanganywa mbele yake.

Mwanangu, ukikabidhiwa uhai wa watu, usipokee neno la mtu mahali pa maandishi unayoweza kuyasoma. Anayekuja kukagua kazi yako mpe kiti na umfungulie kila mlango, hakuja kukuaibisha. Mungu akupe macho yasiyochoka, na akujalie mkaguzi mwenye huruma kama wangu.

Watu wa Katuba husema sindano ile ilikuwa na sumu. Mimi sijui, kioo cha ampulu aliyoifungua Véronique kilikuwa kimeshapondwa pipani, hakikusomeka. Ninachojua ni kwamba Jumamosi mtoto yule alitoka langoni kwa miguu yake, ameshika kitenge cha mama yake, akidai kubebwa.