Vitenzi vya Kumvisha Mgeni

Kwetu shati, kofia na viatu vyote huvaliwa tu. Wajapani hawaridhiki hivyo. Shati lina kitenzi chake, kiru; suruali na viatu vina haku; kofia ina kaburu. Nilijifunza hayo peke yangu, kwa simu, katika kibanda changu cha mitumba pale Mwanjelwa. Kila nilichoshika nilikitajia kitenzi chake kwa sauti.

"Jirani," alisema mama wa kibanda cha pili, "hivyo viatu vikianza kukujibu, funga duka."

Kilichonisumbua ni kingine: hakuna Mjapani aliyewahi kunisikia. Huenda nilikuwa nimejitungia lugha yangu mwenyewe.

Nafasi ilikuja Kalenga, ukweni. Dada wa Kijapani aliyewafundisha kina mama kilimo cha mboga alikuwa anaagwa, na kuaga kule ni kumvisha mgeni khanga huku mkiimba. Mke wangu alikuwa ameshatangaza kwamba mumewe ataongea naye kwa lugha yake. Ukweni hapana pa kujificha.

Shangazi wa mke wangu alimwekea mgeni khanga mabegani, akaanza kutafuta ncha. Nikaona zamu yangu imefika. Nilipima: khanga ilikuwa karibu na kichwa kuliko miguu. Basi nikachukua kitenzi cha kofia, nikakiweka katika hali ya kuomba, nikasema kwa sauti, "Kabutte kudasai."

Mgeni alinitazama. Kisha mikono yake ikainuka, ikaishika khanga, ikamfunika kichwa.

Wimbo ukakatika.

"Mkwe, umemwambia nini?" shangazi aliuliza.

"Ajifunike kichwa."

"Kichwa kasema nani? Tunamfunga kiunoni! Hebu mwambie aitoe."

Nilifungua mdomo. Kuvaa nilikuwa nimekumaliza. Kuvua nilikuwa sijaanza.

"Anafikiria," mke wangu aliwaambia ndugu zake. "Huyu huchukua muda. Mleteeni mgeni kiti."

Chini ya khanga, mgeni alikuwa anacheka mpaka mabega yanatikisika. "Shangazi," akasema kwa Kiswahili kisicho na shida, "niivue?"

Aliivua, akafungwa kiunoni, wimbo ukaendelea. Mimi nilikaa pembeni, nimetulia kabisa. Wacheke wanavyotaka, kichwa kile kilifunikwa kwa neno langu.

Jioni nilitafuta vitenzi vya kuvua. Shati, kofia, viatu: vyote kimoja tu, nugu. Ningejua, ningeanzia huko.