Breki Niliyoinyamazisha

Sina faida yoyote ya kukudanganya. Haya yalinipata hapa mjini Buffalo, ughaibuni, kwenye daraja lililo juu ya reli, na aliyeumia ni binamu yangu Elia, kwa hiyo usidhani natafuta kuchekesha.

Mimi na Elia ni Warundi tuliokulia kambi ya wakimbizi Kigoma, na huku mtaa wa West Side tulikuwa na baiskeli moja. Kila siku mimi nilikuwa natoka zamu ya usiku kwenye kiwanda cha mikate, naifikisha nyumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi; saa moja yeye anaipanda kwenda kazini ghalani. Tatizo la baiskeli hiyo lilikuwa kelele. Ukibana breki, mtaa mzima unajua.

"Kaka, inalia kama mbuzi anayepelekwa sokoni," Elia aliniambia tulipofika kanisani Jumapili moja. "Wanakwaya wanatucheka."

Kambini, kitu kikilia tulikipaka mafuta. Bawaba, cherehani, pampu ya maji. Basi usiku ule kazini, wakati wa mapumziko, nikachovya kitambaa kwenye mafuta ya kupaka mabati ya kuokea mikate, nikazipaka rimu zote mbili, pale raba za breki zinapobana, taratibu, kama mtu anayempaka mtoto mchanga. Ikanyamaza. Nikajisifu.

Asubuhi ukungu ulikuwa umepanda kutoka ziwani, na theluji nyembamba imelala barabarani. Juu ya daraja nikamkuta mzee kwenye baiskeli ya chuma kizito, keria imebeba mikungu minne ya ndizi mbichi. Ndizi mbichi, Januari, bado zinatoa utomvu. Wewe ungefanya nini? Mimi nilimsalimia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Yako inapita kimya, mwanangu."

"Niliipaka mafuta kidogo."

"Na mimi yangu niliinyamazisha."

Ndipo nikatazama miguu yake. Alikuwa akiikokota yote miwili barabarani ili apunguze mwendo, kandambili zimelika mpaka kisigino, na nyuma yake theluji haikuwa na alama. Si ya tairi, si ya mguu. Harufu ya raba iliyoungua ikanijaa puani. Akauteremka mteremko, ukungu ukamfunika, na sikusikia akifika chini.

Nikabana breki. Mikono ya breki ilibanika vizuri, lakini magurudumu yakaendelea kama hayana habari. Nilijitupa kwenye rundo la theluji kando ya njia. Niamini, hilo ndilo lililoniokoa, si akili zangu.

Nyumbani Elia alikuwa ameshavaa koti.

"Umechelewa. Mbona umejaa theluji, ulilala nje?"

"Nimeanguka. Breki ziko laini leo."

"Laini? Afadhali. Zimeacha kunitia aibu."

Nilitaka kumwambia. Lakini ningeanzia wapi, kwa mzimu wa muuza ndizi? Na habari ya mafuta peke yake niliionea haya, maana mimi ndiye mkubwa, mimi ndiye fundi wa nyumba. Nikamwachia usukani.

Muda mfupi baadaye nilisikia ving'ora upande wa daraja.

Elia hakufa. Alishindwa kusimama kwenye taa nyekundu chini ya mteremko, na lori likamvunja mguu wa kulia mahali patatu. Siku ya tatu hospitalini akaniuliza, kwa sauti ya chini:

"Kuna mzee wa ndizi alinifuata mpaka chini. Aliniuliza kama kaka yangu ameniambia. Ulitakiwa uniambie nini, kaka?"

Nikamjibu kwamba ni dawa za usingizi.

Sasa yuko Columbus kwa dada yake, anachechemea, anailaumu barafu. Kisa hiki nimewasimulia jamaa zetu wa mji wa Louisville na wa hapa, na kila mara niliiruka sehemu ya mafuta. Siku hizi naenda kazini kwa basi. Asubuhi zenye ukungu namwona yule mzee pale darajani, anakokota miguu, anatazama dirishani kama mtu anayengoja jibu.

Kwa hiyo nisikilize. Breki ikilia, iache ilie mpaka uitengeneze: rimu husafishwa kwa maji ya sabuni, raba zilizoisha hubadilishwa, mafuta ni ya mnyororo. Kabla ya kupanda, bana breki moja moja huku ukiisukuma baiskeli. Gurudumu likizidi kuzunguka, nenda kwa miguu. Na kama kuna anayeipanda baada yako, mwambie ulichokifanya kabla hajaweka mguu kwenye pedeli. Usingoje aulizwe na mwingine.