Mtani wa Chama

Mzee Benedikto Mapunda alifariki asubuhi, uji wake ukiwa haujapoa, na binti yake Dorika hakulia. Alimfumba macho, akamfunga kidevu kwa kitambaa, kisha akaenda kuosha kikombe. Alipomaliza alichukua kofia ya marehemu, ile pama nyeusi ambayo mzee aliivaa hata ndani ya nyumba, akaiweka juu ya kiti nje ya mlango. Alifanya hivyo makusudi. Alitaka iibiwe.

Mzee Mapunda alikuwa Mngoni, na kwa sababu ya vita vya zamani vya mababu karibu Newala nzima ilikuwa watani wake. Alitoka Songea angali kijana kuja kuwajengea nyumba Wazungu wa karanga kule Nachingwea. Karanga zikashindwa, Wazungu wakaondoka, yeye akapanda huku juu, akaoa, akabaki. Hakuna msiba wa Mmakonde, Mmakua wala Myao uliompita. Alifika, akanyang'anya jembe mikononi mwa wachimbaji, akajilaza ndani ya kaburi na kutangaza kwamba mateka wa babu yake hazikwi bure, kwanza walipe. Wafiwa waliovimba macho walijikuta wanacheka huku wanapapasa mifuko kutafuta shilingi za kumtoa shimoni. Hela hiyo aliwanunulia wachimbaji sigara. Na kila mara alikumbusha kwamba siku yake ikifika nao waje wamlipe, waibe hata kofia yake, wasije wakamzika kimya kama Mzungu.

Ulimi wa mzee, Dorika aliurithi wote, na matatizo yalianzia hapo.

Zamani Dorika alikuwa mbanguaji wa korosho kiwandani. Serikali ilipofungua soko, wakaja wanunuzi wa magari makubwa, korosho zikawa zinateremka ghafi mpaka bandarini, na geti la kiwanda likafungwa. Akina mama wakarudi nyumbani na vidole vyeusi vya mafuta ya maganda. Mmoja akakaanga vitumbua, mwingine akatandika mitumba chini, mwingine akauza maji kwa ndoo. Benki haikutaka hata kuwaona mlangoni. Ndipo Veridiana, aliyekuwa msimamizi wao wa zamu, alipowakusanya katika ukumbi wa kanisa wakaanzisha Tuinuane. Kila mmoja alitoa kidogo kila wiki, wakakopeshana kwa zamu, na aliyekopa alitaja mbele ya wenzake kitu cha nyumbani kwake anachoweka rehani.

Chama kilikuwa kizuri, asikudanganye mtu. Kuna watoto waliosoma kwa hela ya chama kile, na kuna nyasi zilizoshuka mapaani yakapanda mabati. Shida ilikuwa moja tu: mtu akishindwa kurejesha, nani aende kuchukua rehani? Umchukulie jirani yako kitanda leo, na kesho mpange foleni pamoja bombani? Kila aliyetajwa alikuwa na udhuru wake. Mpaka Veridiana akasema, kwani si tunaye Mngoni? Ukumbi mzima ukacheka, mikono ikanyoshwa, na Dorika akapewa kazi. Mtani akija kuchukua kitu chako huna ruhusa ya kukasirika. Hilo kila mtu alilijua tangu utotoni, kwa hiyo hakuna aliyeona haja ya kulifikiria mara mbili.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri sana. Dorika alianza kupiga kelele tangu njiani kwamba amekuja kukagua mali za mateka wake. Akiingia uani alitwika kinu kichwani na kuondoka nacho anacheza, watoto wakimfuata. Mwenye kinu alicheka kwa aibu, akahangaika huku na huku kutafuta hela ya kurejesha, na Jumapili kinu kilikuwa kimesharudi. Mji mzima ulifurahi. Mzee Mapunda peke yake hakufurahi, na wakati wa chakula alimwambia bintiye sababu.

"Mwanangu, mtani huchukua ili arudishe. Wewe iko siku utachukua usirudishe. Siku hiyo na utani wetu utakuwa umeuuza."

Dorika alijibu kwamba vitu vile havichukui yeye, vinachukuliwa na chama. Mzee akavuta kofia yake mbele na kuendelea kula.

Ukaja msimu ambao wanunuzi walibeba korosho za watu kwa ahadi, wakapotelea nazo. Hela ikakauka mjini. Vitumbua vilirudi nyumbani vimepoa, mitumba ikakunjwa kama ilivyokunjuliwa. Rehani hazikukombolewa tena, zikawa zinauzwa sokoni, kwani fedha ya chama ilikuwa ya wote na wote walikuwa na njaa. Dorika alichukua kitanda cha Isabela. Alichukua cherehani ya Sabina. Na kote huko aliendelea kutania, maana angefanya nini? Bila utani ungekuwa unyang'anyi mtupu.

Kwa Anjelina aliendea pipa. Anjelina alikuwa muuza maji, mtu mzima kuliko Dorika kwa miaka mingi, na alikuwa ameliweka rehani pipa lake la maji. Ulikuwa mwezi wa Oktoba, ule ambao Newala watu hunawa uso kwa kiganja kimoja. Dorika aliingia na maneno yake yaleyale, kwamba babu yake aliwaacha hai mateka hawa wamtunzie maji. Anjelina alichukua kata akaanza kuchota maji ya pipa na kuyatia kwenye ndoo. Ndoo zilipojaa akaenda kwa majirani kuazima vyungu, masufuria, hata karai la fundi mwashi, kwa sababu katika uwanda ule hakuna anayemwaga maji, hata awe na uchungu namna gani. Ilichukua muda mrefu. Dorika alisimama pale, maneno yakamwishia, akarudia yaleyale ya mwanzo. Pipa lilipokuwa tupu Anjelina alilipangusa ndani kwa khanga yake, akalilaza chini tayari kuviringishwa.

"Shikamoo, Mama Julia," alisema, akimwita Dorika kwa jina la mtoto wake.

Dorika akasikia mdomo wake mwenyewe ukiitikia marahaba.

Tangu siku hiyo wote walimwamkia hivyo, hata aliocheza nao rede utotoni. Waliinuka akipita. Hakuna aliyemtukana wala kumsengenya mahali alipoweza kusikia. Ndani yake paliota ganzi, kama mguu uliokaliwa vibaya, naye akaendelea na kazi kwa sababu mguu wenye ganzi hauumi.

Basi msiba wa mzee ukaja, na watu walifika. Walijaa. Chama kilinunua jeneza, akina mama wakavaa khanga za sare, nyimbo zikaimbwa kwa sauti ya chini. Wanaume walichimba haraka na vizuri. Hakuna aliyeiba jembe. Hakuna aliyejilaza kaburini wala aliyeigiza mwendo wa mzee. Kofia ilikaa pale kitini, na jeneza lilipotolewa mtu mmoja alikisogeza kiti kwa mikono miwili, kwa adabu, kisizibe njia.

Makaburini Dorika alimvuta Veridiana pembeni na kumuuliza kwa nini hawafanyi. Baba yake amewafanyia wote.

"Dorika, tungechukua jembe, wewe ungejuaje kama tunatania?"

Mzee Mapunda akazikwa kimya. Dorika alitazama udongo unavyosawazishwa, akaona kwamba kazi imefanyika safi, na hakuna kingine alichokiona. Jioni aliingiza kofia ndani.

Mvua zilipoanza, mama yake Anjelina naye akafariki. Dorika alikwenda msibani amevaa ile pama. Alipitiliza moja kwa moja mpaka kaburini, alikokuwa akichimba Erasto, mume wa Anjelina, akamshika jembe. Akasema kwa sauti ya baba yake kwamba mateka wa babu yake hazikwi bure, kwanza walipe. Akaung'ang'ania mpini, akingoja kuvutwa, akingoja kusukumwa na kutukanwa kwamba huyu Mngoni ana wazimu.

Erasto aliliachia jembe palepale.

Anjelina aliinuka kutoka walikoketi wanawake, akaja hadi ukingoni mwa kaburi. Alilitazama jembe, akamtazama Dorika, akauliza taratibu kabisa, kama mtu anayetaka kujua asikosee:

"Na sepetu pia utaichukua, mama?"

Dorika alitaka kusema anatania. Erasto alishaondoka kwenda kuazima jembe lingine kwa jirani, na waombolezaji walikuwa wamekwisha kusogea pembeni kumpa njia ya kupita.