Chungu Alichovunja Tilde

Mwongozaji wa makumbusho yetu ya maisha ya kale huku Jutland, Denmark, ambako kila Mei nawapeleka watoto wa darasa la kwanza, hajawahi kusema "msiguse." Kucha zake zina udongo usiotoka, na sauti yake ni ya mtu aliyezoea kushindana na upepo. Huwapa watoto mawe wasage shayiri mpaka mikono iwaume, kisha huuliza, "Haya, nani bado anataka mkate?" Wote hutaka. Huonja wa kila mmoja, hata ulioungua, akitafuna huku amefumba macho.

Mwaka huu Tilde, mwenye miaka sita, alijikwaa akiwa amebeba chungu ambacho mwongozaji alikifinyanga mwenyewe. Kikavunjika vipande vipande. "We Tilde, umekwisha!" mwenzake Vilfred akamwambia, na mtoto akaangua kilio. Mwongozaji akapiga magoti, akavitazama vile vigae, uso ukamng'aa. "Jamani, sasa ndiyo tumepata kazi!" Akavifukia mchangani, akawagawia watoto brashi ndogo za wachimbuaji wa mambo ya kale. "Ninyi mmekuja baada ya miaka elfu moja. Fukueni, mniambie hapa palitokea nini." Wakafukua mpaka dereva wa basi akapiga honi mara tatu. "Kulikuwa na msichana," Tilde akasema, kigae mkononi, kamasi bado puani. "Alikuwa anampelekea mama yake uji. Alikimbia ili usipoe." "Na mama yake alikasirika?" mwongozaji akauliza, kwa hamu ya mtu asiyejua jibu. Tilde akafikiri. "Kidogo tu. Halafu wakacheka."