Jezi Namba Ishirini na Mbili

Kwa miaka thelathini na mmoja, hakuna mchezaji wa Wahunzi, timu ya mpira wa magongo wa barafuni, aliyeuzwa kabla Ghislaine Thivierge hajajua. Wake zao walijua baada yake, na mara nyingine hata wenyewe walijua baada yake. Yeye ndiye fundi anayeshona majina migongoni mwa jezi za timu, na meneja akitaka mtu mpya avae jezi kesho, lazima leo fundi aambiwe amfumue nani na amshone nani. Meneja wa kwanza alimpa sharti moja tu siku ya kumpa kazi, kwamba mdomo ufungwe. Akaufunga. Mameneja wamepita watano, na mdomo umebaki vilevile.

Kazi yenyewe si kubwa. Herufi zinashonwa kwenye kipande kirefu cha kitambaa, na kipande kinashonwa mgongoni. Mtu akiondoka, kipande kinafumuliwa. Wengine wangekitupa, Ghislaine anakiweka kwenye bati la biskuti. Bati la kwanza lilijaa, la pili likajaa, sasa yuko kwenye la nne. Ukimuuliza kwa nini Wahunzi hawajarudi mjini Vieux-Fourneau na kombe tangu mwaka aliofiwa na mume, yaani miaka kumi na tisa, hana haja ya kubishana. Anakufungulia mabati uangalie mwenyewe. Mabeki wazuri wamo mle, na golikipa aliyekwenda kutwaa kombe kwa jirani mwaka uleule aliouzwa. Na waliokuja badala yao pia wamo, magarasa na wagonjwa wa magoti, wengine walicheza mechi tatu tu kabla uzi haujazoea kitambaa.

Amechoka, na anasema mwenyewe kwamba amechoka. Kila msimu unapoanza huapa kuwa huu ni wa mwisho, halafu Jumatano ya kwanza utamkuta uwanjani kwenye kiti chake kilekile nyuma ya benchi la timu, blanketi magotini, akitazama barafu kwa macho ya mtu aliyepikiwa chakula kilekile wiki nzima.

Jumanne moja ya Februari ilikuwa siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji. Mlango wa usajili ungefungwa saa tisa alasiri. Réal Gingras, aliyestaafu kazi ya kugawa barua, alifika dukani kwa Ghislaine saa tatu asubuhi kama kawaida yake, kahawa mbili mkononi, theluji mabegani. Akakaa kwenye kiti chake kando ya rafu ya vifungo na kuwasha redio.

"Umemsikia Yvan jana?" akaanza. Yvan Desrosiers ndiye meneja wa sasa. "Eti timu inajengwa."

"Inajengwa tangu lini?"

"Tangu mimi nina nywele."

Ghislaine alicheka puani. Mbele yake lilikuwa rundo la jezi zote za timu, zilizoletwa tangu Jumapili ashone palipochanika. Zilikuwa zimechakaa. Uongozi haujanunua jezi mpya mwaka wa tisa huu, lakini kila mwaka unapata fedha za kumleta mshambuliaji mwenye jina kubwa na pancha.

"Beki hatuna," Réal akaendelea, "golikipa anadaka kama anafukuza nzi, na huyu bwana bado anatafuta mfungaji. Yaani paa linavuja, yeye anaulizia zulia."

"Na tiketi ya Jumatano umeshakata."

"Sasa niende wapi, Ghislaine? Nikawashangilie wale wa ng'ambo ya mto? Si bora nife."

"Basi kunywa kahawa yako."

Simu ya dukani ililia saa nne na robo. Sauti ya Yvan haikuwa na salamu.

"Nishonee jina moja. Pellerin. Liwe tayari kesho."

"Namba?"

"Ishirini na mbili."

Ghislaine aliushika vizuri mkono wa simu. "Ishirini na mbili ina mtu."

"Mfumue. Na Ghislaine, mpaka saa tisa hakuna anayejua. Hata yeye."

Akakata. Réal alikuwa amesimama kabisa, shingo mbele. "Nani huyo?"

"Mteja. Suruali yake imembana."

Ishirini na mbili ilikuwa ya Jérémie Bolduc. Katika rundo lile zima, hilo ndilo jina pekee ambalo Ghislaine alilishona mara moja na hajaligusa tena. Misimu saba. Herufi zake zilikuwa zimefifia kuliko za wenzake wote. Bolduc si mchezaji wa kutengenezewa sanamu. Ni beki, miguu mizito, amepoteza meno mawili kwa kujitupa mbele ya mashuti ambayo golikipa angepaswa kuyaona mwenyewe. Lakini alikuja akiwa na miaka ishirini na mbili kutoka kaskazini ya mbali na akapapenda mahali ambapo wenzake walipita tu. Alimwoa Karine wa duka la dawa. Jumamosi asubuhi anafundisha watoto kuteleza kwenye barafu, na hakuna aliyemtuma. Ghislaine alimpenda waziwazi. Kwa wengine alikuwa amejizuia, kwa sababu ya yale mabati.

Réal aliondoka saa sita kwenda kula supu yake ya njegere. Ghislaine alivuta namba ishirini na mbili, akauchukua ule wembe mdogo wa kufumulia, akakata mishono minne ya kwanza. Ikawa shughuli. Uzi wa miaka saba hautoki kirahisi, umekwishaota humo. Alikuwa bado kwenye pembe ya kwanza mlango ulipofunguliwa, na aliyeingia ni Bolduc mwenyewe, anapiga viatu chini kutoa theluji, uso wote kicheko.

Ghislaine akaitupia jezi nguo nyingine juu.

"Mama Ghislaine, nimekuja kwa mapazia yangu."

"Si tulisema Alhamisi?"

"Najua. Lakini saa nane tunasaini nyumba kwa wakili, na Karine anataka tukitoka hapo twende moja kwa moja tukayatundike. Chumba cha mtoto tu, vingine baadaye. Ana mimba ya miezi saba, ukimkatalia anaanza kulia."

"Saa nane leo?"

"Leo hii. Yule mzee anayeuza amekubali hatimaye." Akakaa kwenye kiti cha Réal. "Nilimuuliza Yvan wiki iliyopita, unajua. Nikamwambia, bosi, nataka kununua nyumba, niambie kama kuna neno. Akasema, nunua, kijana wangu, nunua mbili."

Ghislaine aliingia nyuma kuchukua mapazia. Yalikuwa tayari, ya manjano, yamepigwa pasi. Akayatazama bila kuyachukua. Saa nane mtu huyu angeweka sahihi ya mkopo wa miaka ishirini na mitano, na saa tisa angeambiwa afungashe. Aliwahi kunyamaza kwa mengi. Alimnyamazia mmoja aliyekuja kupunguziwa suti ya harusi asubuhi ya kuuzwa kwake. Usiku wa siku ile hakulala, lakini alinyamaza, na kila meneja mpya aliambiwa na aliyemtangulia kwamba yule fundi ni wa kuaminika. Sifa hiyo aliipenda. Leo ilimkaa kifuani kama chakula kilicholala.

Alirudi mikono mitupu. Akakaa kwenye cherehani, akaondoa ile nguo ya juu, akaigeuza jezi mgongo juu mbele ya macho ya Bolduc. Kisha akachukua wembe na kuendelea kufumua.

Bolduc alitazama mshono wa kwanza ukikatika, na wa pili. Kicheko kilimtoka usoni polepole.

"Mama. Hiyo si yangu?"

Ghislaine alikuwa ameahidi kutosema, na hakusema. Akavuta uzi, akauweka kando, akakata mwingine.

"Leo?" Bolduc akauliza.

Ghislaine akainua macho kwenye saa ya ukutani, akayarudisha kwenye kazi.

"Wanamleta nani? Usiniambie ni Pellerin. Yule hata ngazi za uwanja anapanda akishika chuma."

Mkono wa Ghislaine ukasimama kidogo. Ikatosha.

"Ni Pellerin," Bolduc akasema. Akainama, mikono katikati ya magoti. Macho yake yalikuwa yamejaa na hakuyaficha. "Nunua mbili," akasema hatimaye, kisha akatoa simu mfukoni na kutoka nje kuongea na mkewe kwenye theluji. Mapazia hakuyaulizia tena.

Saa tisa kasoro Réal alikuwa amerudi kitini, redio juu kabisa. Mtangazaji alisoma timu moja baada ya nyingine, nani kaenda wapi. Saa tisa ikapita. Walipofika kwa Wahunzi, mtangazaji alisema maneno mawili, hakuna mabadiliko.

"Hata mmoja!" Réal akapiga goti lake. "Kakaa ofisini tangu alfajiri, kala mikate, kapiga simu, hata mmoja! Huyu si meneja, huyu ni mpangaji."

Ghislaine hakusikia mengine. Alikuwa anaitazama jezi, upande mmoja wa jina ukiwa umening'inia. Simu ikalia saa tisa na dakika ishirini.

"Ghislaine, lile jina. Ulishalifumua?"

"Nusu."

"Lirudishe. Pellerin kapimwa, goti limekataa." Yvan alipiga miayo. "Na hakuna aliyejua, sio?"

"Mimi sikusema neno na mtu."

"Ndiyo maana nakuamini."

Alipokata, Réal akauliza tena ni nani.

"Yule wa suruali. Kabadili mawazo."

Alilirudisha jina jioni ileile. Uzi mpya ulikuwa mweupe mno, ukaonekana kando ya ule wa zamani, na kwenye kitambaa palibaki matundu madogo ambayo pasi haikuyaziba. Halafu, kwa kuwa usingizi ulikuwa mbali, akayashusha mapazia ya manjano kwenye meza na kuyafumua pindo.

Bolduc alikuja kesho yake saa kumi, akiwa njiani kwenda uwanjani, begi la mazoezi begani. Hakukaa.

"Asubuhi Yvan kanikumbatia mbele ya wenzangu," akasema. "Kaniita nguzo ya timu. Kasema namba ishirini na mbili haiondoki hapa mpaka nistaafu na itundikwe darini mwa uwanja. Nikamwambia asante, bosi."

"Na nyumba?"

"Wakili katupa mpaka Ijumaa. Mzee amekasirika lakini atasubiri." Akamtazama usoni. "Karine ananiuliza, nami sina cha kumjibu. Wewe umewaona wote, mama. Nisaini?"

Ghislaine alitamani kusema ndiyo. Alitaka yule mtoto azaliwe Vieux-Fourneau, ateleze kwenye barafu ile, na siku moja yeye mwenyewe amshonee jezi. Alitaka jina moja tu, katika miaka yake yote, lisiingie kwenye bati. Alijua pia kwamba msimu ujao kuna Februari nyingine, na simu ipo palepale ukutani.

Akayaleta mapazia, akamwekea mikononi.

"Yamekuwa mazito," Bolduc akasema.

"Nimeyaongezea kitambaa, nikakunjia ndani ya pindo. Upana wa kiganja kizima. Nimeshikiza kwa mishono mikubwa tu, Karine atakata kwa mkasi wa kucha."

"Lakini dirisha nilikupa vipimo vyake."

"Ndiyo. Kwa dirisha lile yanatosha hivyo yalivyo." Ghislaine alijishughulisha kuokota nyuzi mezani. "Mkikuta jingine, refu zaidi, mnayashusha."

Bolduc alilipapasa lile pindo kwa kidole gumba kutoka mwanzo mpaka mwisho. Akayakunja mapazia taratibu, akayaingiza kwenye begi juu ya viatu vya barafuni, akambusu fundi wake mashavu yote mawili.

"Utakuja leo?" akauliza mlangoni.

"Nitakwenda wapi," Ghislaine akasema, na akatafuta blanketi lake.