Mtia Pini

Mume wangu ana wazimu wa milango, na nasema hivyo huku nampenda. Akimaliza kufunga mlango wa watu anautikisa, anaondoka, anarudi kuutikisa tena, mpaka mwenye nyumba anamuuliza kama anataka kuung'oa. Neno "umekaa" hulisikii mdomoni mwake. "Fundi gani wewe," humtania, "kazi yako mwenyewe huiamini!"

Zamani vitani alikuwa mtia pini. Kikosi chao kilijenga madaraja ya vyuma huku adui akiwamiminia risasi kutoka ng'ambo ya mto. Yeye aliunganisha fremu mbili kwa pini nene, akaigonga kwa nyundo, kisha akachomeka kibanio kidogo cha kuizuia isichomoke. Hapo ndipo alipopaza sauti: "Imekaa!" Kabla ya neno hilo hakuna aliyeruhusiwa kukanyaga. Wa kwanza kukanyaga siku zote alikuwa kaka yangu.

Kaka alirudi ndani ya sanduku. Tuliambiwa ni risasi. Aliyemwopoa mtoni na kumleta nyumbani ndiye aliyenioa, na mama, tunayeishi naye, mpaka leo humwita mwanangu.

Jana asubuhi alikuwa akifunga mlango wa jiko letu, skrubu mkononi. Nikamchokoza: "Haya, sema basi, umekaa au haujakaa?"

Akaketi chini, palepale kwenye maranda.

"Kaka yako hakufa kwa risasi," akasema. "Zilikuwa zinatupita masikioni, kibanio kikaniponyoka majini. Nikajisemea nitatia kingine baadaye. Nikapiga kelele, 'Imekaa!' Akaniamini, akapita. Pini ikachomoka."

Yarabi! Miaka kumi na tisa nalala na mtu huyu! Nilitaka kumpiga, nikataka kumkumbatia, vyote viwili vikanishinda.

"Leo namwambia mama," akasema. "Nimechoka kuitwa mwanawe."

"Thubutu! Unataka kumzika na yeye?"

Hatukumsikia akija. Mama siku hizi haoni vizuri, anatembea kwa kupapasa. Akapapasa ukuta, akafika kwenye mlango, akaupigapiga kwa kiganja.

"Mwanangu," akamwita, "huu umekaa? Niegemee kidogo, miguu inaniuma."

Mume wangu akafungua mdomo. Nilimjua, alikuwa anaanza kuyasema yote. Nikamwahi.

"Umekaa, mama. Egemea tu."

Skrubu za bawaba ya chini zilikuwa bado mkononi mwake.