Mara Nne Kibuyu Kilirudi

Baba yangu aliletwa Mwanza kwa meli kutoka Bukoba akiwa na mkono wa kulia uliokufa, mdomo uliovutwa upande, na sauti isiyoweza tena kutengeneza neno. Kiharusi kilimkuta shambani, miezi michache baada ya kumzika mama. Mimi ndiye mtoto wake wa kwanza, kwa hiyo hapakuwa na mjadala. Tulimpa chumba chenye dirisha kubwa. Dirisha lenyewe linatazama jiwe, maana huku Ilemela ukifungua dirisha lolote unakutana na jiwe, naye alizoea kuamka akaona migomba.

Wiki ya tatu akaanza kukataa kula. Mke wangu, Msukuma wa Magu ambaye hajawahi kushindwa kumlisha mtu, alijaribu uji, samaki, ndizi za nyama, wali wa mchele wa kwao. Wapi! Mzee alimeza vijiko viwili vya kumshikiza roho, akafunga mdomo akatazama jiwe. Mashavu yakaanza kuingia ndani. Daktari akatuambia tumpe chochote anachotamani, hata pombe kidogo, ilimradi kitu kiingie tumboni. Niliogopa. Niliogopa afe nyumbani kwangu akiwa amekataa kila kilichotoka mkononi mwangu.

Jumamosi moja alinyoosha mkono wa kushoto akaonyesha kibuyu chake, kile chenye shingo ndefu na mrija, ambacho dada yangu alikifunga kwenye mzigo. Akaonyesha kibuyu, kisha mimi. Kibuyu, kisha mimi. Nikajua anataka rubisi, pombe yetu ya ndizi. Nikaagiza ya kununua, mjini ipo kwa wanaoijua. Aliinusa tu, akakiweka kibuyu sakafuni, akaninyooshea kidole tena.

"Anataka uipike wewe," mke wangu akasema.

"Mimi? Mimi hata sinywi!"

Na kweli sinywi. Nikiwa kidato cha tatu nilirudi likizo nimeokoka, kichwa kimejaa. Wazee walikuwa wamekaa uani, baba ametoka kukamua rubisi, akaniita mbele yao akanipa kibuyu nianze. Nikasema, tena kwa sauti ya kusikika, kwamba siwezi kutia uchafu ule mdomoni. Hakunipiga. Alikichukua kibuyu, akavuta mrija mwenyewe, ndipo akawapa wageni. Hatukuwahi kulizungumza jambo lile. Miaka mingi nilijiona nimeshinda.

Sasa nina mvi, nafundisha kemia sekondari, na Jumapili zangu zimegeuka za kukamua ndizi. Nilimwona baba akifanya kazi ile utoto wangu wote, lakini kumbe nilikuwa naona bila kutazama.

Mara ya kwanza nilinunua ndizi sokoni Mkuyuni, za njano, zinang'aa, hazina hata doa. Nikazimenya, nikazitia kwenye beseni pamoja na nyasi za kukamulia, nikaanza kukanda. Juisi ilitakiwa ichuruzike. Haikuchuruzika. Nilikanda mpaka mabega yakawaka moto, nikapata uji mzito wenye majani. Jumamosi iliyofuata nilimrudia muuza ndizi kumlalamikia, akacheka.

"Mwalimu, zile zimeivishwa kwa dawa. Za kula zile. Ganda limeiva, ndani bado. Ungesema unakamua!"

Lakini Jumapili ile ya kukamua nilikuwa nimeshaongeza maji kwenye ule uji, nikatia unga wa mtama uchachuke, na siku ya pili nikampelekea mzee. Alikitazama kibuyu, akanitazama mimi, akakisukuma kwangu kwa mkono wake wa kushoto. Nikakitoa nje nikamwaga.

Mara ya pili niliagiza ndizi zenyewe za pombe, zikaja kwa meli. Kwetu huivishwa kwenye shimo lililotandikwa majani ya mgomba. Nikachimba shimo nyuma ya nyumba. Jembe likagonga mwamba kabla shimo halijafika gotini. Nikachimba upande wa pili, mwamba. Jirani akaniuliza kama nachimba choo. Mwishowe nikazifunga kwenye magunia juu ya jiko la kuni, zikaiva vizuri kwa moshi, na juisi ikatoka, tamu, nyingi. Nilifurahi mno! Nikaimimina kwenye dumu la mafuta ya kula, nikatia mtama, nikafunga kifuniko kwa nguvu zangu zote. Mwalimu wa kemia, jamani, niliyeandika ubaoni mara ngapi kwamba kitu kikichacha hutoa gesi. Kesho yake mchana dumu lilipasuka jikoni. Rubisi ilifika mpaka kwenye vitenge vya mke wangu alivyokuwa amemaliza kupiga pasi.

"Huko darasani unawafundisha nini watoto wa watu?" aliniuliza, huku akipangusa ukuta.

Rubisi iliyobaki ilinuka mafuta. Nilimpelekea mzee hivyo hivyo, na kibuyu kikarudi.

Mara ya tatu sitaki hata kuieleza. Nilitia mtama mbichi, sikuukaanga, na maji ya bomba yanayonuka dawa. Kitu kililala tu kwenye ndoo, hakikutoa povu, siku ya tatu kikawa kama siki. Kibuyu kikarudi tena. Wakati huo baba alikuwa amepungua kiasi kwamba mke wangu alimwinua peke yake kumgeuza kitandani. Mimi nilikuwa nasahihisha mitihani nimesimama, maana nikikaa mgongo ulikataa kunyooka. Nilichoka na ndizi, nilichoka na harufu yake kwenye shati, na Mungu anisamehe, kuna siku nilimchoka na yeye.

Mara ya nne nilifanya kila kitu taratibu. Ndizi niliziivisha tena kwa moshi wa jiko. Mtama niliukaanga mpaka ukanukia, nikausaga kidogo tu. Maji nilichemsha nikayapoza. Nyasi nilizikata kule juu, mawe yanakoishia, mbali na mitaro. Nikafunika ndoo kwa majani ya mgomba badala ya kifuniko, nikaiweka pale jua linapopasha ukuta. Jumapili baada ya ibada nilifunua nikakuta povu limepanda, zito, lenye chembe za mtama, na harufu ikanipeleka moja kwa moja uani kwa baba. Nikajaza kibuyu, nikachomeka mrija, nikampelekea kwa mikono miwili.

Akakisukuma kwangu.

Basi, nikapasuka mimi sasa. "Unataka nini? Unataka nini kwangu, Tata? Si uniambie! Kama hutaki basi usinywe, ufe na njaa yako!"

Nilisema hivyo. Nilimwambia baba yangu mgonjwa hivyo, mchana kweupe, dirisha liko wazi na majirani wanasikia. Yeye hakukasirika. Mkono wake ulikuwa bado umekishika kibuyu, umekibana kifuani kwangu.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. "Wewe umeionja?"

"Si unajua sinywi."

"Aisee! Hata kwetu Magu mwenye pombe ndiye anayeanza, watu wamwone anameza. Unampaje mzee kitu ambacho wewe mwenyewe unakiogopa?"

Nilihisi aibu ikinipanda kutoka miguuni. Mimi Mhaya, niliyezaliwa kwenye migomba, nimekumbushwa na Msukuma. Mara zote nne nilifikiri anasukuma kibuyu kiondoke. Ile ya kununua, ambayo kweli hakuitaka, aliiweka sakafuni. Yangu hakuiweka sakafuni hata mara moja. Alikuwa ananipa nianze, vile vile alivyonipa mbele ya wazee.

Nikakaa kwenye kitanda chake. Nikaweka mrija mdomoni, nikavuta. Ilikuwa chungu, kali, ina moshi mwingi kupita kiasi na ladha ya nyasi inayobaki kwenye koo. Nilitamani kutema. Nikameza, nikavuta tena ili aone vizuri, nikameza tena. Machozi yalinitoka, na nisiwadanganye kwamba ni ukali wa pombe.

Nikamrudishia kibuyu. Alikipokea kwa mkono wake mmoja, akautafuta mrija kwa upande wa mdomo unaofanya kazi, akavuta kwa muda mrefu huku amefumba macho. Kisha akakunja uso. Akatikisa kichwa, na nusu ya mdomo wake ikacheka.

Ilikuwa pombe mbaya, na yeye aliijua kuliko mtu yeyote. Akainywa yote.